Mwanga wa leza na hatima ya plagi ya gari

Tangu mwaka 1902, kampuni ya Robert Bosch ya Ujerumani ilipoanza kuuza plagi yenye kutumia umeme wa nguvu kubwa, cheche inayowasha petroli ndani ya injini imekuwa ikitolewa na kifaa hicho kidogo ambacho umbo lake limebadilika kidogo sana. Maabara za Japan, Uingereza na Romania zimeshaonyesha kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa na mwanga wa leza. Hata hivyo, gari la kawaida lenye leza badala ya plagi bado halijafika madukani.

Katika mji wa Bloomington, kusini ya Minneapolis katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, umuhimu wa cheche hudhihirika asubuhi za mwezi wa Januari. Baridi huweza kushuka hadi nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri. Betri hudhoofika, petroli haigeuki mvuke kwa urahisi, na mhamiaji kutoka Afrika Mashariki aliyezoea gari linaloitika mara moja hujikuta akiusikiliza mngurumo usiotaka kuanza.

Plagi hufanya kazi kwa kurusha umeme wa maelfu ya volti, mara nyingi zaidi ya 20,000, kuvuka mwanya wa takriban milimita moja. Cheche hiyo huzaliwa juu kabisa ya silinda, karibu na ukuta, na chuma cha plagi yenyewe huunyang'anya moto mchanga sehemu ya joto lake. Isitoshe, kila cheche hula kiasi kidogo cha chuma hicho.

Kwa kawaida kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Wahandisi wangependa kuongeza hewa kupita kiwango hicho, kwani injini hutumia mafuta kidogo zaidi, na hewa ikizidi vya kutosha, moto hupoa na oksidi za naitrojeni zinazochafua anga hupungua. Tatizo ni kwamba mchanganyiko wa namna hiyo ni mgumu kuwaka.

Hapo ndipo leza inapoingia. Lenzi hukusanya mwanga wake katika nukta moja, mbali na kuta, na kwenye nukta hiyo chembe za hewa huvunjika na kuwa plazima yenye joto kali. Hakuna chuma cha kunyonya joto wala cha kulika.

Wazo lenyewe si geni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, waliendesha injini ya silinda moja kwa leza mwaka 1978, lakini mashine za leza za wakati huo hazikuweza kuingia ndani ya gari. Hatua kubwa ilitangazwa mwaka 2011, pale Takunori Taira wa Japan na wenzake, akiwemo Nicolaie Pavel wa Romania, walipoeleza juu ya leza ya kauri yenye kipenyo cha milimita 9 na urefu wa milimita 11. Iliweza kuwasha sehemu mbili za silinda kwa wakati mmoja. Mwaka 2013 kundi la Taira liliripoti kuliendesha gari zima kwa leza.

Kwa nini basi plagi ingali inatawala? Jibu la kwanza ni uchafu. Leza hupita kwenye kidirisha kinachotazama ndani ya moto, na masizi pamoja na majivu ya oili hukiziba. Bloomington inalifahamu vyema suala la uchafu, kwani ndiko yaliko makao makuu ya kampuni ya Donaldson, iliyoanzishwa mwaka 1915 kutengeneza vichujio vya hewa baada ya vumbi kuharibu injini za matrekta. Mwali wenyewe wa leza huweza kuunguza sehemu ya masizi hayo, lakini kichujio cha hewa hakiwezi kuzuia uchafu unaozaliwa ndani ya silinda.

Jibu la pili ni bei na joto. Vifaa vinavyoilisha leza havipendi joto kali la injini. Fundi wa Nairobi au Mwanza huisugua plagi ya bodaboda kwa msasa ikarudi kazini. Leza hairekebishwi hivyo.

Wakati huohuo washindani hawakulala. Mwaka 2019 Mazda ilianza kuuza injini inayochoma petroli kidogo katika hewa nyingi ikisaidiwa na plagi za kawaida, na magari ya umeme hayahitaji cheche kabisa. Hata kampuni ya Toro, yenye makao yake Bloomington na iliyoanza mwaka 1914 kwa kuunda injini za matrekta, sasa inauza mashine za kukatia majani zinazotumia betri.

Matumaini makubwa zaidi huenda yakawa kwenye injini kubwa za gesi asilia zinazofua umeme. Injini za aina hiyo, kama zile za Wärtsilä zilizofungwa Ubungo, Dar es Salaam, hufanya kazi saa nyingi mfululizo kwa shinikizo kubwa, hali inayochakaza plagi upesi. Zimesimama mahali pamoja, hivyo nafasi ya kuipoza leza ipo, na kila saa ambayo mtambo hauzimwi ili kubadilishiwa plagi ni saa ya umeme kwa jiji.