ERP na Mafuta ya Shilingi Ishirini

Je, wajua kwamba kuna programu za kompyuta zinazoweza kufuatilia shehena ya ngano kutoka ng'ambo hadi bandari ya Mombasa, zikalipa mishahara ya watu elfu kumi bila kumruka hata mmoja, kisha zikatatizwa na kipimo cha mafuta ya kupikia cha shilingi ishirini?

Programu hizo huitwa ERP. Kampuni kubwa huzinunua kwa mamilioni ili zipange mali, watu na fedha zao mahali pamoja. Wazo lenyewe ni jepesi kuliko bei yake: tukio la biashara liandikwe mara moja tu, na kila anayehusika alione papo hapo. Lori likishusha mzigo, karani wa ghala huingiza idadi. Dakika hiyo hiyo stoki inapanda, deni la kampuni kwa aliyeleta mzigo linapanda, mhasibu anaiona tarehe ya kulipa, na mtu wa mauzo anajua ana nini cha kumuahidi mteja. Mahali pasipokuwa na mfumo wa aina hiyo, kila ofisi hutunza hesabu zake, na mwisho wa mwezi hesabu hizo hugombana.

Sasa njoo Silanga, kijiji cha mtaa wa Kibera jijini Nairobi, kilicho upande wa Bwawa la Nairobi. Duka la kawaida hapa ni chumba cha mabati chenye dirisha la wavu wa chuma, na mwenye duka ameketi nyuma yake tangu alfajiri. Anajua sukari imebaki kiasi gani bila kugeuka. Anajua nani hulipa Ijumaa na nani hulipa akikumbushwa. Bei ya jana ya muuzaji wa jumla anayo, na bei ya jirani pia anayo. Kwa maana hiyo ghala, uhasibu, mauzo na huduma kwa wateja vyote vimeungana katika kichwa kimoja, na hilo ndilo jambo ambalo kampuni kubwa hutafuta kwa pesa nyingi.

Kampuni hizo zilianza kulitafuta viwandani. Mwaka 1964 mhandisi Joseph Orlicky alibuni Marekani njia ya kukokotoa kwa kompyuta vipuri gani vinahitajika, vingapi na lini, na kampuni ya kutengeneza zana ya Black & Decker ikawa ya kwanza kuitumia. Mwaka 1972 wahandisi watano walioiacha IBM huko Ujerumani walianzisha SAP. Mteja wao wa kwanza alikuwa kiwanda cha nailoni cha kampuni ya ICI. Jina ERP lilikuja baadaye, mwaka 1990, kutoka kwa kampuni ya utafiti ya Gartner. Kufikia hapo, fedha, watumishi, manunuzi na mauzo vyote vilikuwa vimeshaanza kumiminwa kwenye hifadhi moja ya taarifa.

Turudi kwenye mafuta, maana hapo ndipo penye utamu.

Uchumi wa Kibera ni wa kadogo. Mtu hununua mafuta ya leo, unga wa leo, majani ya chai ya leo. Tuseme mwenye duka amenunua mtungi wa lita 20 kwa shilingi 5,000, na kipimo chake cha shilingi ishirini ni mililita 70. Mtungi utatoa vipimo 285, yaani shilingi 5,700. Faida ni 700. Lakini mkono hauna mizani: mteja ni jirani, ana mtoto mgongoni, kipimo kinafurika kidogo. Mililita tano tu zikizidi kila mara, mtungi ule ule utatoa vipimo 266, sawa na shilingi 5,320. Faida imeshuka hadi 320. Zaidi ya nusu ya faida imetoweka, na hakuna aliyeiba.

ERP yoyote ya maana ina sehemu ya kubadili vipimo: inaingiza mtungi, inatoa mililita. Tatizo ni kwamba inaamini kile inachoambiwa. Ukiiambia kipimo ni 70 ilhali mkono unamimina 75, itakuonyesha mafuta ambayo hayapo. Ndiyo sababu hata kampuni zenye mifumo ya gharama kubwa bado hufunga ghala na kuhesabu mali kwa macho. Mwenye duka wa Silanga hufanya hivyo kila anapoinamisha mtungi.

M-Pesa nayo? Tangu 2007 imewapa wenye maduka kumbukumbu safi kuliko daftari lolote: kiasi, saa, jina la aliyelipa. Lakini ni kumbukumbu ya upande mmoja. Ujumbe unasema shilingi ishirini zimeingia. Hausemi kama zilikuwa za mafuta, chumvi au deni la wiki jana. Nguvu ya ERP iko hapo hasa: pesa na bidhaa huandikwa kwa tendo moja, kwa hiyo moja haiwezi kusogea bila nyingine kuonekana. Jijini Nairobi kampuni ya Koko ililikaribia jambo hilo ilipoanza mwaka 2019 kueneza madukani mashine za kuuza ethanoli ya kupikia. Mashine yenyewe ndiyo iliyopima na kunakili kila kilichouzwa, na kumbukumbu zikaenda moja kwa moja kwa kampuni. Ukarimu wa mkono haukupata nafasi.

Wakubwa nao huteleza. Mwaka 2018 Lidl, mtandao wa maduka makubwa wa Ujerumani, uliutupa mradi wake wa SAP baada ya takriban miaka saba, na magazeti yaliripoti kwamba ulikuwa umemeza karibu euro milioni 500. Moja ya sababu zilizotajwa itamchekesha mwenye duka yeyote: Lidl ilizoea kuthamini mali yake kwa bei ya kununulia, na mfumo ulitaka bei ya kuuzia. Kampuni haikutaka kubadili desturi, ikaukata mfumo uifuate, na mfumo ukawa viraka vitupu.

Serikali ya Kenya ina mfumo wake, IFMIS, ulioanzishwa mwaka 2003 ili fedha za umma zipite njia moja inayoonekana. Katika kashfa ya 2015 ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), ya shilingi milioni 791, mabishano makubwa yalikuwa juu ya nani alitumia neno la siri la nani kuingia kwenye mfumo huo. Mfumo huhifadhi jina la aliyeingia. Haujui ni vidole vya nani vilivyobofya.

Kwa sasa kinachousukuma uandishi wa mauzo kwenye mifumo hadi vichochoroni ni kodi. Tangu Januari 2024, mfanyabiashara wa Kenya asiye na ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato (KRA), kwa alichonunua anaweza kukataliwa gharama hiyo na KRA, isipokuwa kwa mambo machache yaliyosamehewa. Kwa hiyo hoteli inayochukua mboga inataka ankara, na muuzaji asiye na kompyuta anaweza kuitoa kwa simu ya kawaida kupitia *222#. Siipendi sana njia hii ya kufundisha hesabu kwa fimbo ya kodi, ila nakiri inafika mahali ambapo semina hazikufika.

Je, duka la Silanga linahitaji ERP? Kwa maoni yangu, hapana, maadamu lote linaenea kichwani mwa mtu mmoja anayeketi pale pale. Mambo hugeuka siku anapofungua la pili Kawangware na kumweka mpwa wake dirishani. Sasa kuna mitungi miwili, mikono miwili na namba mbili za till za kupokelea M-Pesa, na kichwa kimoja hakiwezi kuwa kote. Hapo kuna programu ambazo msimbo wake ni wa bure, kama ERPNext kutoka India, na toleo la bure la Odoo, iliyoanzia Ubelgiji mwaka 2005. Utalipia anayekuwekea, anayekufundisha, na bando la intaneti. Kabla ya hayo yote, chukua mtungi mmoja, hesabu vipimo mpaka uishe, uone mkono wako unamimina mililita ngapi. Namba hiyo ndiyo ya kwanza kuingizwa.