Usidanganywe na geti: Pima shule ya msingi ya umma kabla ya kumpeleka mtoto

Tuseme mtoto wako anatimiza miaka sita mwaka ujao. Anamaliza PP2, sare imeshambana, na wewe kila ukifungua simu unakuta kundi la WhatsApp la ploti linachemka. "Peleka ile ya kando ya lami, iko sawa." "Wapi! Walimu wa hapo wamezoea. Nenda ile ya juu." "Mimi wangu niko naye academy, siwezi bahatisha." Kila mtu ana shule yake mdomoni, lakini hakuna anayekwambia amejuaje kwamba ni nzuri.

Enzi za wazazi wetu jibu lilikuwa rahisi. Matokeo ya KCPE yakitoka, magazeti yalijaa orodha. Shule yenye wastani wa alama 350 kati ya 500 ilikuwa nzuri, ya jirani yenye 240 ilikuwa mbaya, basi, mjadala umeisha. Serikali ilipiga marufuku orodha hizo mwaka wa 2014, na mtihani wenyewe, uliokuwepo tangu 1985, ukafanywa kwa mara ya mwisho 2023. Siku hizi mtoto wa Gredi ya 6 anafanya KPSEA kisha anaendelea na Gredi ya 7, mara nyingi ndani ya ua lile lile, kwa sababu tangu 2023 sekondari ya msingi iko kwenye shule za msingi.

Kuna wazazi wanaolilia ule wastani hadi leo. Mimi siulilii. Zilikuwepo shule zilizoupandisha kwa kuwarudisha darasa watoto wazito au kuwaambia wazazi wakawasajili kwingine, ili wasichafue hesabu. Na hata pale ambapo hakukuwa na ujanja, alama za darasa la nane hazikuwahi kukwambia kitu kuhusu darasa la pili. Na darasa la pili ndipo mambo huharibika kimyakimya.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Binti yangu nilimpeleka shule moja ya umma huku Eastlands ambayo ukiipita unaipenda tu: geti jipya, madarasa ya ghorofa, ukutani michoro ya twiga na ramani ya Afrika. Ripoti zake zilikuja safi, kila somo "anafikia matarajio". Nikatulia. Muhula wa pili wa Gredi ya 2 nikamwambia siku moja anisomee kitabu chake cha Kiswahili. Akasoma ukurasa mzima bila kukwama, na kidole anapitisha. Sijui ni nini kilichonifanya nifunike picha kwa kiganja, nikaonyesha neno moja tu katikati ya ukurasa, "kikombe", nikamuuliza hili ni neno gani.

Kimya. Akaniangalia usoni. Halafu akaanza ukurasa upya kutoka juu, kama mtu anayeimba wimbo ambao hawezi kuuanzia katikati.

Hakuwa anasoma. Alikuwa amekariri. Darasa zima lilikuwa likiimba ule ukurasa kila siku, mwalimu anaanza, wao wanaitikia, na mtoto mwenye masikio mazuri anapita bila kukamatwa. Nilipoenda shuleni nikakuta watoto 74 katika chumba kimoja, watatu watatu kwa dawati, wengine wakiwa na goti moja nje. Kipindi cha gredi za chini ni dakika 30. Piga hesabu: hata mwalimu asingepumua, kila mtoto anapata kama sekunde 24. Sikuweza kumkasirikia yule mwalimu. Nilijikasirikia mwenyewe, kwamba nilinunua rangi ya ukuta.

Kwa hivyo ukitaka kujua shule, usiende siku ya mikutano ya wazazi. Siku hiyo hata majani yamefagiliwa. Nenda Jumanne ya kawaida, katikati ya muhula, kama saa nne hivi. Kabla hata hujaingia, simama na mama anayeuza mandazi nje ya geti. Nunua mbili, msalimie, uliza polepole. Huyo anajua walimu wanaingia saa ngapi, nani anatoka mchana harudi, na mwalimu mkuu ni wa kuonekana au ni wa mikutano. Mimi mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, hapa walimu wapo, lakini wapo chini ya mti." Sikuhitaji kuuliza zaidi.

Na kwa kweli hilo la mti si utani wa mtaani tu. Benki ya Dunia ilipokagua shule za Kenya miaka ya mwanzo ya 2010, iligundua kwamba tatizo kubwa halikuwa walimu kukosa kuja shuleni. Wengi walikuja. Ila ukihesabu waliokuwa ndani ya darasa wakifundisha wakati huo, idadi inashuka sana. Kwa hivyo ukiwa ndani ya ua, tembea polepole ukielekea ofisini na uhesabu milango. Madarasa mangapi yana mtu mzima ndani? Kelele zisikutishe, watoto wakifanya kazi kwa vikundi lazima wapige kelele. La kutisha ni darasa ambalo kiranja amesimama mbele na fimbo akiandika majina ya wapiga kelele. Ukiona matatu ya aina hiyo saa nne asubuhi, umeshapata ripoti yako.

Omba kuona madaftari ya Gredi ya 3. Wakikupa moja tu, litakuwa la mtoto bora, basi omba lingine kutoka katikati ya rundo. Angalia tarehe. Kazi imeandikwa kila siku au kuna pengo la wiki mbili? Kisha angalia wino mwekundu. Kuna vyema vilivyopigwa hata kwenye jibu lililo makosa, ishara kwamba mtu alipita tu. Na kuna daftari ambalo mwalimu ameandika neno sahihi pembeni na mtoto amelirudia chini yake. Hilo la pili ni ghali kuliko geti lolote, kwa sababu linakula jioni ya mtu.

Sasa, kipimo chenyewe hakifanyiwi shuleni. Kinafanyiwa ploti yako. Hilo si wazo langu. Tangu 2009 watu wa Uwezo walizunguka nyumba kwa nyumba Kenya wakiwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili waisome, huko huko nyumbani. Nawe unaweza. Tafuta watoto watatu wa Gredi ya 3 wanaosoma ile shule unayoifikiria, omba ruhusa kwa wazazi wao, na usichague yule mkali anayesifiwa na kila mtu. Wape kitu ambacho hawajawahi kukiona, hata aya ya habari ya michezo iliyo rahisi. Dakika moja kwa saa ya simu. Wakati wa mpango wa Tusome, ulioanza katika shule za umma 2015, kipimo cha kusoma kwa ufasaha kilikuwa maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Usishangae Kiswahili ni kidogo. "Nitakuletea" ni neno moja, lakini kwa Kiingereza lingetaka maneno manne.

Baada ya hapo muulize, hadithi inasema nini? Wapo wanaosoma kama redio na hawajui walichosoma. Wakiwa watatu na wawili wanajikokota, usiwakaripie, wape juisi yao uwashukuru. Ila umejua. Shule hiyo inaweza kuwa inamsukuma mtoto mmoja mbele na kuwaacha wawili waimbe.

Mambo mengine nitayapita haraka kwa sababu unaweza kuyaona kwa macho. Vyoo: mwongozo wa usalama wa Wizara ya Elimu unataka tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Hesabu, na uangalie kama kuna maji ya kunawa au ni mfereji wa mapambo. Kama shule ni ya ghorofa, simama kwenye ngazi kengele ikilia. Februari 2020 zaidi ya watoto kumi walikufa kwenye ngazi za shule ya umma mjini Kakamega wakitoka masomoni jioni. Ngazi ni moja au mbili? Milango inafunguka kwenda nje? Uliza bila aibu.

Chakula nacho usikidharau. Nairobi kuna Dishi na County tangu 2023, mzazi analipa Sh5 kwa sahani na mtoto anagusisha bangili yake. Shule ambayo watoto wanakula hapo hapo ina darasa la mchana lenye watoto. Ile ambayo wanatumwa nyumbani saa saba, wengine hawarudi.

Pesa sasa, maana hapa ndipo tunapigwa. Shule ya msingi ya umma haina karo. Lakini serikali humtengea mtoto wa msingi Sh1,420 kwa mwaka, yaani chini ya Sh500 kwa muhula, chini ya bando zako za mwezi pengine. Haitoshi, kila mtu anajua, na ndiyo maana utasikia mchango wa mwalimu wa bodi, wa askari wa geti, wa karatasi za mtihani. Siwezi kukwambia usilipe. Mwalimu aliyeajiriwa na bodi huenda ndiye atakayemfundisha mwanao. Ila Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iko wazi: mchango wowote lazima uwe na risiti rasmi, na hakuna mtoto anayefukuzwa kwa sababu hajaulipa. Pia inakataza masomo ya kulipia wakati wa likizo, na kumrudisha mtoto darasa. Kwa hivyo kipimo changu cha pesa ni kimoja. Sitazami kiasi. Natazama kama wanakupa risiti bila kukunja uso.

Na academy ya mtaa, ile ya mabati yenye jina la mtakatifu? Ipime vilevile. Kwa kweli nyingine zina watoto 25 darasani na mwalimu anawajua wote kwa majina. Lakini nyingine unalipa kwa sababu tu mwanao anasema "good morning" akiingia nyumbani. Mwambie asome lile neno la katikati.

Ukimaliza kuzunguka, ingia kwa mwalimu mkuu. Msalimie vizuri, usijifanye mkaguzi. Usimuulize shule yake ni ya ngapi. Muulize hivi: "Mwalimu, mtoto wa Gredi ya 2 ambaye bado hajui kusoma, hapa mnamfanyia nini?"

Nilipouliza hivyo katika shule ya michoro ya twiga, jibu lilikuja haraka. "Hao huwa ni wale ambao wazazi hawawafuatilii." Nikashukuru nikaondoka.

Shule ya pili haikuwa na ghorofa. Madarasa mawili yalikuwa ya mabati, na moja zuri la matofali lilikuwa limechukuliwa na Gredi ya 7. Mwalimu mkuu, mama wa makamo, hakujibu. Alifungua droo akatoa daftari la kawaida la kurasa 96 akanionyesha orodha ya majina, kila darasa la chini na watoto wake ambao bado. Walikuwa 19. Kila mmoja na tarehe aliyopimwa, na mstari uliokatwa juu ya jina akishajua. "Hawa wanabaki nusu saa na mwalimu mmoja, mara tatu kwa wiki," akasema. "Wengine wanachukua muhula mzima. Huyu," akagusa jina, "amechukua mwaka."

Pale darasa lina watoto 52, si 30. Ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kwangu, na mvua ikinyesha ni matope hadi kwenye soksi. Nilimhamisha Januari. Jina lake likaingia kwenye lile daftari, na sikuona aibu, ingawa mama yake alinuna wiki nzima.

Kama unataka kwenda kuangalia, nenda sasa, usingoje Januari. Wakati huo kila mtu yuko kwenye foleni na cheti cha kuzaliwa mkononi na hakuna mwalimu mwenye muda wa kukufungulia droo.

Binti yangu hasomi haraka bado. Lakini majuzi tukiwa kwenye matatu alininyang'anya simu, akanisomea ujumbe wa Fuliza kwa sauti, silabi kwa silabi, mpaka kiasi ninachodaiwa. Abiria wote wakasikia.