Nyundo za Eastlands na Gari la Wazi la Zamani

Yeyote apitaye Barabara ya Landhies, Nairobi, akielekea Shauri Moyo, husikia soko la mafundi wa Kamukunji kabla hajaliona. Mlio wa nyundo juu ya bati hauna mapumziko tangu asubuhi hata jioni. Hapo huundwa masanduku ya wanafunzi, makarai, sufuria, majiko na mikokoteni. Mkulima wa Nyeri au wa Machakos ambaye hajafika Nairobi hata mara moja, huenda anacho nyumbani kwake chombo kilichotoka katika vibanda hivyo.

Watu wengi huvidharau vyombo hivi kwa sababu ni vya bei nafuu. Lakini mtu atazamaye mikono ya fundi, asitazame bei ya chombo, ataona jambo jingine. Ataona ya kwamba ujuzi wa kukunja, kunyosha na kuunga bati ni wa ukoo mmoja na ule uliounda magari ya fahari ya zamani, yale ya wazi yenye paa la turubai la kukunjwa, ambayo leo matajiri huyagombania minadani huko Ulaya na Marekani. Yafaa basi kueleza jinsi gari la namna hiyo liwezavyo kuundwa upya kwa bati la chuma na kwa mikono, na jambo hilo lina maana gani kwa mafundi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi.

Gari lililofufuliwa

Mfano ulio mashuhuri watoka Ufaransa. Kiwanda cha Bugatti kilitengeneza gari kubwa mno lililoitwa Royale, lenye injini ya ujazo wa zaidi ya lita 12. Yalitengenezwa magari machache tu, na kati ya hayo matatu ndiyo yaliyopata wanunuzi. Moja lilikuwa gari la wazi, lililouzwa mwaka 1932 kwa tajiri wa biashara ya nguo, Armand Esders. Lilitengenezwa bila taa kubwa za mbele, kwa kuwa bwana huyo hakuwa na nia ya kuliendesha usiku. Baadaye gari hilo lilipata mwenyewe mwingine, naye akaiondoa bodi ile ya wazi na kuweka nyingine yenye paa. Hivyo umbo la kwanza likatoweka. Miaka mingi ilipopita, bodi ile iliundwa upya kwa kuufuata umbo wa ile ya asili, na gari hilo la mfano laonyeshwa katika jumba la makumbusho ya magari mjini Mulhouse.

Katika habari hiyo liko jambo moja la kuzingatiwa. Bodi iliweza kuondolewa na kuwekwa nyingine kwa sababu siku zile chesisi na bodi vilikuwa vitu viwili mbalimbali. Kiwanda kiliweza kuuza chesisi pamoja na injini yake, na mwenye gari akaipeleka kwa mafundi wa bodi wamtengenezee umbo alipendalo. Huko Ulaya kazi hiyo karibu imekwisha, maana magari madogo ya siku hizi hutolewa na mashine kubwa, bodi na chesisi vikiwa kitu kimoja. Bali Kenya desturi hiyo haikufa. Hata leo chesisi ya lori hupelekwa kwa mafundi wa bodi wa Nairobi, nao huifungia mifupa ya chuma, huivika mabati, hutia madirisha na viti, ikatoka ikiwa basi au matatu. Kazi iliyo adimu kwa wengine ni kazi ya kila siku kwa vijana wa Kenya.

Asili ya ujuzi huu

Nairobi yenyewe ilizaliwa na chuma. Reli ilipofika mwaka 1899, karakana zake zilijengwa hapo, na nyumba za wafanya kazi wa reli zikafuata, kama zile za Muthurwa na Makongeni. Mafundi wengi wa kwanza walikuwa Wahindi, na Waafrika waliofanya kazi chini yao walijifunza kwa kutazama na kwa kushika. Waliopata ujuzi waliacha kuajiriwa, wakaanza kazi zao wenyewe mahali palipo wazi, bila paa, jua likiwachoma. Ndiyo sababu wakaitwa watu wa jua kali.

Kwa muda mrefu mafundi hao hawakuhesabiwa kuwa kitu. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa kubwa juu ya ajira nchini Kenya, nayo ilieleza ya kwamba kazi hizo ndogo zisizoandikishwa ni nguvu ya nchi, wala si aibu yake. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi alikwenda kuwaona mafundi wa Kamukunji, na baada ya hapo wakajengewa vibanda vya kujikinga na jua.

Mwaka 1986 Rais huyo alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama sura yake si nzuri na mwendo wake si wa kasi. Wahandisi walishirikiana na karakana za reli, na mwaka 1990 gari lililoitwa Nyayo Pioneer likaonyeshwa kwa watu. Yaliundwa magari matano ya majaribio, lakini kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hakikupatikana. Wengine hulicheka jambo hilo mpaka leo. Walakini lilithibitisha ya kwamba mikono ya kuunda gari ilikuwako. Kilichokosekana kilikuwa fedha na soko.

Kazi yenyewe

Kuunda gari la wazi la zamani huanza kwa karatasi wala si kwa nyundo. Fundi akiwa hana gari la asili mbele yake, hutumia picha iliyopigwa kutoka ubavuni. Akijua upana wa gurudumu, ajua vipimo vingine vyote. Ikiwa gurudumu la sentimita 75 laonekana katika picha kuwa sentimita 3, basi kila sentimita ya picha ni sentimita 25 za gari. Kutokana na hesabu hiyo ndogo hupatikana urefu wa boneti, mteremko wa mlango na mahali pa kioo cha mbele. Picha iliyopigwa kwa mshazari haifai, kwa sababu hudanganya.

Pili ni chesisi, na hapa ndipo wengi hukosea. Gari lenye paa ni kama debe la biskuti lililofunikwa. Mtu akilishika kwa mikono miwili na kulipinda, halipindiki. Akiondoa kifuniko, debe hilo hilo hujikunja kwa urahisi. Gari la wazi halina kifuniko. Lisipotiwa nguvu chini, katika kingo za milango na katika vyuma vya kukingama, litajipinda kila lipitapo shimoni, na milango itakataa kufunga. Mtu akataye paa la gari la kawaida ili aliite gari la wazi, bila kuliimarisha, hutengeneza hatari.

Tatu ni kiunzi. Fundi hukata mbao za plaiwudi au hupinda vyuma vyembamba, akavipanga kama mbavu, mpaka umbo lote la gari laonekana likiwa mifupa mitupu. Kila bati litapimwa juu ya kiunzi hicho. Ubavu wa kushoto na wa kulia sharti ulingane, kwa hiyo kiolezo kimoja cha karatasi hutumiwa kwa pande zote mbili kwa kugeuzwa.

Ndipo hufuata bati lenyewe. Bati la chuma huuzwa kwa kipande cha futi 8 kwa 4, na kwa bodi ya gari hutumiwa lile lenye unene wa karibu milimita moja. Kulikunja upande mmoja si kazi ngumu, kila fundi wa masanduku aweza. Ugumu upo katika madigadi na katika mgongo wa gari, mahali ambapo bati lapinda pande mbili kwa pamoja, kama ganda la yai. Hapo bati halikunjwi, bali hutanuliwa katikati na kufinywa kingoni. Fundi huliweka juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga na kuligonga kwa nyundo ya mti, akianza katikati na kuzunguka polepole. Kisha hulilainisha juu ya fuawe kwa mapigo mepesi yasiyo na hesabu. Bati ligongwalo sana huwa gumu, na likilazimishwa hupasuka. Kwa hiyo hutiwa moto mpaka liwe jekundu, likaachwa lipoe lenyewe, nalo hurudia ulaini wake.

Msomaji atatambua ya kwamba hiyo ndiyo kazi ya mfua makarai. Tofauti si katika elimu ya nyundo, bali katika kipimo. Karai likikosea kidogo, bado lachukua zege. Madigadi ikikosea hivyo hivyo, kila mtu ataona.

Kuchomelea nako kuna hila yake. Joto hulivuta bati jembamba na kulifanya mawimbi. Fundi mwerevu hushikiza kwa nukta fupi fupi, leo hapa, kisha mbali kidogo, akiliacha bati lipoe kati ya nukta na nukta. Mwenye haraka huchomelea mstari mzima kwa mara moja, halafu hufunika makosa kwa pati. Pati nene huficha kwa muda tu. Hupasuka kwa jua na mtikisiko, maji huingia, kutu hula chuma kwa ndani. Mafundi wazuri hulipima bati kwa kiganja kilichofumbatwa kitambaa, maana mkono huhisi mawimbi ambayo jicho halijayaona.

Mambo ya kujihadhari

Kazi hii ina hatari zake. Mwali wa kuchomelea huharibu macho ya mtu asiyevaa miwani, na mtu huyatambua maumivu usiku, kazi ikiwa imekwisha. Bati lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi unaoleta homa na kikohozi, kwa hiyo zinki iondolewe kwanza, na kazi ifanywe penye upepo. Rangi ya kupuliza nayo yataka kifuniko cha pua na mdomo.

Gari la mfano liitwe gari la mfano. Si haya kulisema, maana kazi ya mkono ina heshima yake. Haya ni kulipiga namba isiyo yake na kuliuza kana kwamba ni la asili. Huo ni udanganyifu, nao hulipeleka jina la mafundi wote matopeni. Na kabla ya kuligusa barabara, gari lipite ukaguzi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Breki, usukani na taa havitazami uzuri wa boneti.

Faida iko wapi?

Hapana budi kulisema neno la fedha. Masanduku huuzwa leo na kumlisha fundi leo. Gari la mikono hudumu miezi mingi, na mwenye kuliagiza aweza kubadili nia au kuishiwa. Fundi asiye na mapatano ya maandishi ndiye alipwaye mwisho, au asilipwe kabisa. Basi yafaa kazi igawanywe kwa hatua: chesisi, kiunzi, mabati, rangi. Kila hatua iwe na malipo yake, na isianzwe kabla ya ile iliyotangulia kulipwa. Karani yeyote wa mtaani aweza kumwandikia fundi karatasi ya namna hiyo kwa nusu saa.

Pia kuna jambo kubwa kuliko gari moja. Magari ya kisasa yagongwapo, mara nyingi kipande kizima huondolewa na kubadilishwa, wala hakinyoshwi. Kila mwaka nafasi ya kujifunza kulifinya bati hupungua. Ujuzi huu haumo katika vitabu vingi. Umo mikononi mwa wazee wa Kamukunji, Shauri Moyo na Kariobangi, na mzee akifa bila mwanafunzi, huzikwa pamoja naye. Vibanda vyenyewe havina usalama. Moto uliotokea Gikomba mwezi wa Juni mwaka 2018 uliua watu 15, na mali nyingi ikateketea.

Kijana aliyejifunza kwa mzee asiridhike na mikono mitupu. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, iitwayo NITA, huwapima mafundi kwa mtihani wa kazi wa daraja la tatu, la pili na la kwanza, na cheti chake hufungua milango ambayo nyundo peke yake haifungui. Mzazi naye asione haya kumpeleka mwanawe kibandani kwa sababu ya masizi. Huko Ulaya mtu ajuaye kuunda upya bodi ya gari la zamani hutafutwa kutoka mbali, na hulipwa kama mtu adimu alipwavyo.

Wahenga walisema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Maana yake ni kwamba hata ambaye hajafikia kushika nyundo anayo kazi ya kufanya karibu na moto, na kwa kuwa karibu atajifunza. Hapana gari la wazi la zamani litakaloiondoa njaa ya Eastlands. Lakini kijana awezaye kulitoa katika bati tupu, milango ikafunga na ubavu wa kushoto ukalingana na wa kulia, hatakosa kazi ya kufanya, na atakuwa na kitu cha kumrithisha mwanafunzi wake.