Je, Wajua? Masomo Tisa ya Cambridge

Je, wajua kuwa ibada ya mkesha wa Krismasi katika Chuo cha King's, Cambridge, ambayo wengi huidhania ya kale kama kuta zake, ina umri wa miaka mia na kidogo tu? Mfalme Henry wa Sita alianzisha chuo mwaka 1441. Ibada ya Masomo Tisa na Nyimbo za Krismasi ilianza hapo tarehe 24 Desemba 1918, takriban wiki sita baada ya bunduki za Vita Kuu ya Kwanza kunyamaza.

Aliyeileta chuoni ni Eric Milner-White, kasisi wa miaka 34 aliyekuwa amewahudumia wanajeshi vitani. Sala ya ufunguzi aliyoitunga ingali inasomwa, na ndani yake marehemu hukumbukwa pamoja na walio hai. Nadhani nguvu ya ibada hii imo humo: sherehe imepangwa na mtu aliyetoka kuona vijana wakifa.

Wazo lenyewe, hata hivyo, aliliazima. Mwaka 1880 Askofu Edward White Benson wa Truro, kusini-magharibi mwa Uingereza, aliongoza ibada ya namna hiyo ndani ya banda la mbao, maana kanisa lake kuu lilikuwa bado linajengwa. Husimuliwa kwamba alitaka kuwatoa wanaume kwenye vilabu vya pombe usiku ule.

Masomo hayo ya Biblia husomwa kwa kupanda ngazi ya vyeo. Huanza mtoto wa kwaya, na la tisa humwangukia mkuu wa chuo. Kama mgeni rasmi wa kwetu, mkubwa huja mwisho. Tofauti ni kwamba huyu hapewi nafasi ya hotuba.

Wajua nani huimba ubeti wa kwanza? Mvulana mmoja, peke yake, bila kinanda. Tangu 1919 wimbo wa kufungulia ni uleule. Wavulana kadhaa hujiandaa, lakini aliyechaguliwa huambiwa dakika za mwisho kabisa, asije akapata muda wa kuogopa. Ujanja mzuri, ingawa mama zao sijui huvumiliaje.

Kwaya ina wavulana 16, na sauti nzito ni za wanafunzi wa chuo. Wenzao wakishafunga muhula na kwenda makwao mapema Desemba, wao hubaki wakifanya mazoezi.

BBC ilianza kuitangaza redioni mwaka 1928, na mwaka uliorukwa ni 1930 pekee. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vioo vya rangi vya kanisa la chuo viling'olewa na kufichwa. Watu waliimba katika baridi kali, na redioni jina la mahali halikutajwa, adui asijue.

Ile ya televisheni, iliyoanza 1954, ni kipindi kingine, na hurekodiwa siku kadhaa kabla. Na tangu 1983 karibu kila mwaka mtunzi huombwa kuandika wimbo mpya kwa ajili ya ibada hii.

Desemba jua la Cambridge huzama kabla ya saa 10 jioni. Ibada huanza saa 9, vioo vikiwa bado na rangi. Inapokwisha, nje ni giza.

Je, wajua kwamba hatua chache kutoka kanisa la King's ndipo David Livingstone alipohutubia chuo kikuu tarehe 4 Desemba 1857? Hotuba ile ilichangia kuzaliwa kwa misheni ya UMCA, iliyojenga kanisa kuu la Mkunazini, Zanzibar, palipokuwa soko la watumwa. Leo Waanglikana wengi wa Afrika Mashariki nao husoma masomo tisa kila Desemba.

Ukitaka kuisikia ya King's yenyewe, fungua idhaa ya dunia ya BBC tarehe 24, saa 12 jioni kwa saa zetu. Usichelewe: ubeti wa yule mvulana haurudiwi.