Je, Unabii wa Siku za Mwisho Umekwisha Timia?

Waalimu wa madarasa ya ubatizo huulizwa swali lisilojibiwa kwa haraka: mambo aliyoyanena Bwana wetu katika mlima wa Mizeituni yamekwisha timia, au twayangoja bado? Kwa watu wa Ruanda (nasema Ruanda hii ya Mbozi, si nchi ya Rwanda) swali hilo si geni. Wazee wa mpakani waliulizwa kwa ukali kuliko sisi.

Mwaka 1908 na 1909 Elliot Kamwana, Mtonga wa Nyasa, nchi iitwayo leo Malawi, alihubiri ya kwamba Kristo atarudi Oktoba 1914, na kodi ya serikali itakoma. Mafundisho hayo asili yake ni vitabu vya Charles Taze Russell wa Marekani. Maelfu walibatizwa, hata serikali ikamhamisha Kamwana mwaka 1909.

Basi 1914 ikafika. Kristo hakuonekana, lakini vita vilionekana. Septemba mwaka ule Wadachi na Waingereza walipigana Karonga. Vijana wakatwaliwa kuwa wapagazi, nafaka ikatolewa ghalani, na wamisionari Wamoraviani wa Kijerumani waliotunza makanisa ya Mbozi wakaondolewa na Waingereza. Mwanzo wa Novemba 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipigana Fife, ng'ambo ya Tunduma. Homa kuu ya mafua nayo ikaua watu wengi mwaka ule. Mtu aliyefungua Mathayo 24 siku zile hakuhitaji mfasiri.

Ndipo Hanoc Sindano na wenzake, waliorudi kutoka kazi za Rhodesia ya Kusini, walipohubiri kwa Wamambwe na Wanamwanga ya kuwa mwisho umefika. Wafuasi wao walikataa upagazi, wakakataa na amri za machifu. Mwaka 1919 wengi walifungwa. Neno lao likavuka mpaka likaingia Mbozi. Mimi sioni vema kuwacheka. Walikuwa wamechoka, nao waliisoma Biblia wakiyatazama mambo ya mlangoni pao.

Lakini tazama jinsi hesabu ilivyokwenda. Russell alifundisha ya kwamba Kristo alikwisha kuja kwa siri tangu 1874, na ya kwamba 1914 ndio mwisho wa nyakati za Mataifa. Yeye akafa 1916. Baadaye wafuasi wake waliihamisha habari ya kuja kwa siri, wakaiweka mwaka 1914. Unabii usioonekana kutimia ukaambiwa umetimia mahali pasipoonekana! Neno la namna hiyo halina awezaye kulikanusha, na kwa sababu iyo hiyo halina awezaye kulithibitisha.

Yuko na Russell wa pili, asiye wa jamaa ya yule wa kwanza katika mafundisho. James Stuart Russell, mchungaji wa Uingereza, alitoa kitabu mwaka 1878 akisema kuja kwa Bwana kulitimia mwaka 70, Warumi walipoteketeza hekalu la Yerusalemu. Hoja yake ina nguvu, maana Bwana alisema habari za kizazi cha wale waliomsikia, na miaka 40 hivi baadaye Tito aliuzingira mji, hekalu likaanguka. Hata leo katika lango la Tito huko Rumi yaonekana sanamu ya askari wakichukua kinara cha taa cha hekalu. Wakristo wengi wenye elimu hukubali ya kuwa sehemu kubwa ya maneno yale ilihusu msiba huo, na mimi nakubali pamoja nao.

Ila kusema *yote* yamepita ni jambo jingine. Katika 2 Timotheo 2 Paulo awataja Himenayo na Fileto, waliofundisha ya kuwa ufufuo umekwisha kuwapo, wakaipindua imani ya watu. Mama aliyemzika mtoto wake wiki iliyopita, akiambiwa kwamba ufufuo ulikwisha zamani za Warumi, atasimama juu ya nini penye kaburi lile?

Wala wale wasemao siku ni kesho hawana dhara dogo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchi ya Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge chakula wapate kumwona Kristo. Walikuwamo watoto. Paulo alipowaandikia Wathesalonike, waliosikia ya kuwa siku ya Bwana imekwisha fika, aliwaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe.

Kwa hiyo mwalimu asikimbie swali hili darasani. Na aisome Luka 21 yote kwa kikao kimoja, bila kuruka, kisha awaulize wanafunzi penye kila fungu: hili lahusu Yerusalemu, au lahusu siku ile? Watabishana. Na wabishane, Biblia zikiwa wazi mikononi, na wazee waliosikia habari za vita vile kwa baba zao waalikwe kuketi pamoja nao.