Vumbi la shamba na kifua cha mtoto

Wazazi wengi wakisikia vumbi hufikiria kikohozi. Hata hivyo, watafiti wamegundua kuwa baadhi ya watoto wanaokua karibu na zizi hupata pumu mara chache kuliko wenzao.

Mfano unaofahamika ulitoka Marekani mwaka 2016. Watafiti walilinganisha watoto 30 wa jamii ya Amish na 30 wa Hutterite. Jamii zote mbili zina asili ya Ulaya na mila zinazokaribiana. Waamish hulima kwa farasi, na watoto wao huingia zizini tangu wadogo. Wahutterite hutumia mashine kubwa, na mifugo yao iko mbali na nyumba. Kwa Waamish hakuna mtoto aliyekuwa na pumu. Kwa Wahutterite walikuwa sita.

Vumbi la nyumba za Waamish lilikuwa na mabaki ya bakteria karibu mara saba zaidi. Inaaminika kuwa mtoto akiyavuta kidogo kidogo tangu utotoni, kinga yake huzoea na haikurupuki kupambana na kila chavua inayoingia puani.

Lakini vumbi likizidi, mambo hugeuka. Wakati wa kupura mahindi au mpunga huwasha koo na kubana kifua. Hatari zaidi ni nyasi na nafaka zilizoota ukungu. Anayevuta vumbi lake mara kwa mara anaweza kuvimba mapafu, akapata homa, kikohozi na kukosa pumzi saa chache baada ya kazi. Hali hiyo ikijirudia kwa miaka, mapafu hubaki na makovu. Aidha, mtoto mwenye pumu hatibiwi kwa kupelekwa zizini. Vumbi laweza kumletea shambulio.

Basi mtoto mwenye afya aokote mayai na kulisha mbuzi, kisha anawe mikono kwa sabuni. Siku ya kupura, watoto wakae mbali, upande upepo unakotoka. Kufagia ghala ni kazi ya watu wazima, wakiwa na barakoa na milango ikiwa wazi. Mavuno yakauke vizuri kabla ya kuhifadhiwa ili yasiote ukungu.

Mtoto akipumua kwa mlio kama filimbi, au mbavu zikibonyea ndani anapovuta hewa, asisubiri kesho. Apelekwe kituo cha afya mara moja.