Jina ya mutoto musichana: familia wakikosa kusikilizana, siku 90 zinapita

Mutoto musichana akizaliwa, watu wanauliza kwanza kama mama ni muzima, kisha wanauliza: anaitwa nani? Katika nyumba nyingi za hapa kwetu mashariki, jibu halipatikani siku ile. Mama mukwe ana jina yake. Shangazi, dada wa baba ya mutoto, naye ana yake. Upande wa mama wanangoja kuona kama watakumbukwa. Na wazazi wenyewe, wenye walikuwa wamesikilizana juu ya jina tangu mimba ya miezi saba, wananyamaza kwa kuogopa kuitwa watu wa kiburi.

Kunyamaza kule njo kunaleta shida, maana jina si mambo ya heshima tu. Kanuni ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, yenye ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inapatia wazazi siku 90 kwa kuandikisha mutoto ku etasivili: ku komini kwa watu wa mujini, ku sekta ao ku sheferi kwa watu wa vijijini. Ndani ya siku hizo, kuandikisha ni bure. Zikipita, inaomba kupitia ku tribunali kutafuta hukumu yenye itachukua fasi ya tangazo lenye halikufanyika kwa wakati, na kule kunakuwa safari, karatasi na franga. Familia yenye inabishana miezi ine juu ya jina ya bibi inaweza kujikuta na mutoto mwenye hana cheti cha kuzaliwa, na jina bado haijapatikana.

Lakini kwa sisi Wakongomani kuna bahati moja yenye watu hawaitumiki vizuri. Jina yetu iko na fasi tatu: jina, postinomu na prenomu. Desturi hii ilitoka mu siasa. Mwanzo wa mwaka 1972, wakati wa mambo ya « authenticité », Mobutu alitupa Joseph-Désiré na kujiita Mobutu Sese Seko, na raia wote wakaombwa waache majina ya kigeni. Mapadri wenye walibatiza mutoto na jina ya Ulaya walitishiwa kifungo, na Kardinali Malula wa Kinshasa, mwenye alipinga, alienda uhamishoni Roma mwaka ule ule. Kwa kujaza fasi ya prenomu, watu waliongeza jina ingine ya wakubwa wao: njo postinomu. Miaka ya 1990 prenomu zikarudia, na postinomu ikabakia. Hivi leo fasi zote tatu ziko wazi.

Tuseme baba ni Munande wa Butembo na mama ni Mushi wa Walungu. Kwa Wanande, jina moja inangojeaka mutoto hata kabla ya kuzaliwa, juu inafuata mupangilio wa kuzaliwa: musichana wa kwanza ni Masika, kisha Kavira, kisha Kavugho. Musichana mwenye anakuja nyuma ya wavulana ni Kahindo. Hapo hakuna wa kukasirika, hata shangazi mukali. Upande wa mama wanaweza kupewa postinomu, tuseme Nabintu, jina ya koko muzaa mama. Wazazi wanabakia na prenomu, wachague Grâce, Furaha, Neema, yenye wanapenda. Masika Nabintu Grâce: kila mutu anajisikia ndani.

Fasi zingine si rahisi vile. Katika familia zenye zinasema Kinyarwanda, kule Rutshuru na Masisi, kila mutoto anapewa jina yake mwenyewe yenye maana, kama Uwimana, ni kusema « wa Mungu ». Haiko jina ya ukoo yenye inangoja, kwa hiyo kila mukubwa anakuja na mawazo yake. Na kuna nyumba zenye zinasema kwamba musichana ataolewa tu, basi jina yake si kitu cha kupoteza wakati. Mimi sikubaliane na wao. Kwetu mwanamuke akiolewa, jina yake haibadilike mu vyeti. Ile yenye munamupa leo njo itakuwa ku diplome, ku karte ya uchaguzi, na siku moja ku karatasi ya shamba.

Kumupa mutoto jina ya koko ni jambo nzuri. Yule koko anapata ndoyi, anamuletea kikwembe, anamuita « majina yangu », na mara nyingi mutoto anapata mulinzi wa maisha. Watu wengine wanaogopa: koko huyo aliteseka, alizika watoto, jina itamufuata mutoto. Sijaona jina yenye inaua. Lakini kama mama anaogopa kweli, musimulazimishe. Yeye njo ataita jina ile mara mia kwa siku.

Mahali pa kukataa bila haya ni jina yenye inaumiza. Tuko na wadada wengi wanaitwa Machozi, Mateso, Masumbuko, Tabu. Walizaliwa wakati wa kukimbia vita, ao baba yao alikuwa amekufa, ao mama alitaka kuwaambia wakwe kitu chenye hakuweza kusema kwa kinywa. Tunaelewa. Ila mutoto hakuwa mu mabishano ile, na ku masomo wenzake watamucheka. Kanuni ya familia yenyewe, ku artikle ya 58, inakataza jina yenye inatukana ao inashusha mutu.

Namna ya kusema na wakubwa? Kila mutu aende kwa watu wake. Baba aseme na mama yake na dada zake. Asimutume bibi yake kubeba vita ya familia ya bwana. Mama naye aseme na wa kwao. Na muende mapema, mimba ingali, mukiomba baraka: « Mama, tulifikiri kumuita hivi, na fasi hii tulikuchungia wewe. » Mutu mwenye amechungiwa fasi anapiganaka kidogo. Akikataa kabisa, aite mutoto jina yenye anapenda pale nyumbani. Wangapi kati yetu tuko na jina ya nyumbani yenye haijaandikwa popote?

Siku ya kuenda ku etasivili, muchukue karatasi ya maternite na muandike majina matatu ku kipande cha karatasi, kwa mupangilio wenye mulisikilizana. Ofisa akimaliza kuandika, musome herufi kwa herufi kabla ya kutia sinyatire. Kavugho inaandikwaka pia Kabugho ao Kavuo, na ku masomo kila herufi inahesabiwa. Kisha kuandikwa, kubadilisha herufi ao mupangilio kunaomba ruhusa ya tribunali.